Uhai wa Jogoo Si Uhai wa Mnadi

Mungu wa rehema, wewe uliyezihesabu nywele za kichwa changu, kazi ambayo kila mwaka nazidi kukurahisishia, pokea shukrani zangu. Umenipa umri mrefu, meno ya kutosha, mke mwenye maneno, na wajukuu wanaonifundisha mambo ambayo sikuomba kufundishwa. Jina lako lisifiwe kwa hayo yote. Nisaidie nisimulie kisa hiki bila kutia chumvi, na nikitia, iwe ya kiasi.

Mimi ni mzee wa kanisa, na ndani ya kanisa hilo mimi ndiye mnadi. Tunakaa Ruiru, ng'ambo ya reli, lakini kanisa letu liko Thika karibu na viwanda, kwa sababu huko ndiko nilikofanya kazi ya mashine za kufuma nguo hadi nikastaafu. Mtu haachi kanisa eti kwa sababu amehama nyumba. Jumapili ya mavuno kila familia huleta ilichojaliwa: mkungu wa ndizi, nduma, kabichi, trei ya mayai, boga, kuku, na mwaka ukiwa mzuri hata mbuzi. Vitu huwekwa kwenye banda lililo nyuma ya jiko la kanisa, na baada ya ibada hunadiwa ili kazi ya Mungu isonge mbele. Mimi huinua kitu, hukisifu kuliko kinavyostahili, na kikishapata mwenyewe hupaza sauti, "Kinachofuata!" Hiyo ndiyo kazi yangu yote. Naipenda sana, na sina uhakika kama mapenzi hayo yote ni ya kiroho.

Sasa, nina mjukuu anayesoma mambo ya kompyuta katika chuo kikuu kule Juja. Ni mtoto wa binti yangu, amerithi jina la mke wangu, na pamoja na jina amerithi ulimi. Mwisho wa wiki huja kwetu Ruiru kula chakula kilichopikwa na mtu mwingine. Jumamosi moja asubuhi alifika, akaketi kwenye ngazi ya jikoni na mkoba mgongoni, hakuvua hata viatu.

"Guka," akaniambia, maana kwetu babu ni guka na nyanya ni cucu, "project yangu imekataliwa."

Project hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya mwisho chuoni. Mwalimu wake alikuwa amempa nafasi moja tu ya kuirudia. Ilimpasa aandike programu ambayo watu halisi wangeitumia, na mwalimu mwenyewe angekuja kuitazama ikifanya kazi. Ikikwama, asingehitimu na wenzake. Angebaki mwaka mzima akiwangoja walio nyuma yake. Nilimwonea huruma. Niliihurumia pia nyumba yangu, maana mke wangu alikuwa ameshawaalika akina mama wa kanisa karibu wote kwenye mahafali hayo, na nguo alikuwa ameshashona, ya rangi ya chungwa, yenye mabega yaliyopanda juu kama mapaa ya nyumba mbili.

"Ilikataliwa kwa nini?" nikauliza.

"Nilinakili kila kitu."

"Uliiba kazi ya mwenzako?" Cucu yake akatokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Zii, cucu! Sikuibia mtu. Nilinakili ndani ya programu yangu mwenyewe."

Akatueleza, na mimi nitakueleza wewe kama nilivyoelewa, kwa sababu Mungu amenipa subira ya kuuliza jambo moja mpaka muulizwaji achoke. Lugha aliyokuwa akiandikia inaitwa Rust, yaani kutu. Mimi niliyepigana na kutu kwenye mashine miaka yote ya kazi niliona ajabu kwamba kuna watu walioketi wakachagua jina hilo kwa hiari yao. Lugha hii ina msimamizi anayeitwa kompaila. Kompaila husoma yote uliyoandika kabla programu haijaendeshwa hata mara moja, na ikiona lolote lisiloeleweka, hukataa. Haikasiriki, haichoki, haihongeki. Nimewahi kufanya kazi chini ya msimamizi wa namna hiyo na sikumpenda.

Jambo ambalo kompaila hulikazania kuliko yote ni kuazima. Katika programu, kitu chaweza kuwa chako, au unaweza kukielekezea kidole tu ukiwa umekiazima. Kidole kinachomwonyesha jogoo si jogoo. Na kompaila inataka kujua: kidole hicho kitakuwa hai mpaka lini? Kwa maana jogoo akishaliwa na kidole kikabaki kimenyooka pale alipokuwa, mtu anayekifuata kidole hicho atakamata hewa, au atakamata kitu kingine kabisa akidhani ni jogoo. Uhai wa kidole lazima usizidi uhai wa jogoo. Mjukuu wangu, kila kompaila ilipomsumbua kwa swali hilo, alikuwa akitengeneza jogoo mwingine wa kufanana na yule ili asijibu.

"Mwalimu alisema," akatuambia, "eti mimi ni kama mtu anayeazima sufuria ya kanisa, na kila akiulizwa atairudisha lini, ananunua nyingine mpya."

"Hayo si makosa," akasema cucu yake. "Mwenyekiti wetu wa akina mama angekupenda sana."

Nilikuwa nimeshafikiria Jumapili ya mavuno, nikasema, "Watu halisi unao. Andika programu ya mnada. Mwalimu wako aje Thika."

Akaushusha mkoba mgongoni. Kisha akavua viatu.

Wiki hiyo yote na iliyofuata hakwenda kwa marafiki. Alitaka programu itakayopitia vitu vyote vya bandani kimoja baada ya kingine na kuvionyesha ukutani kwa projekta: jina la kitu, familia iliyokileta, na mnunuzi. Chombo hicho cha kupitia orodha yeye alikiita iterator, mimi nilikiita mnadi, kwa sababu ndicho kinachosema "kinachofuata." Tena, alisema, mwalimu alitaka mnadi huyo aandikwe kwa mkono wake mwenyewe, si yule anayekuja na lugha. Nilifurahi kusikia kwamba hata kompyuta inajua kuwa wanadi hawafanani.

Lakini mnadi wake alikwama. Jumamosi iliyofuata tulisikia sauti kutoka sebuleni, "Wewe kompaila wewe, nimekukosea nini?" Mke wangu akamwita nje kwenye jua.

"Tuonyeshe," akamwambia. "Usituambie. Tuonyeshe."

Basi tukafanya mnada uani kwetu. Mimi nikawa mnadi, mke wangu akawa mnunuzi, na msichana akawa kompaila. Akasimama juu ya jiwe la kufulia, mikono nyuma, uso umekauka.

"Cucu, nunua jogoo."

"Ninunue jogoo wangu mwenyewe?"

"Cucu, tafadhali."

Mke wangu akamtoa jogoo, yule mwekundu mwenye kiburi ambaye tayari alikuwa ametengwa kwa ajili ya mavuno, akamkumbatia kifuani.

"Guka, ita kitu kingine."

Nikavuta pumzi. "Kinachofuata!"

"Hapana!" kompaila ikapiga kelele. "Imekataliwa!"

"Nimekosea nini?"

"Cucu bado amemshika jogoo."

"Si amemnunua? Asimshike?"

"Hivyo ndivyo nilivyoandika, guka. Niliandika kwamba anayeshika kitu amekiazima kutoka kwa mnadi. Kwa hivyo akishika jogoo, ni kama amekushika wewe. Huwezi kufungua mdomo uite kitu kingine mpaka amwachilie."

Mke wangu akamgeuza jogoo akamtazama usoni kama mtu aliyegundua dawa. "Subiri. Nikimshika huyu, guka yako ananyamaza?"

"Ndiyo, cucu."

"Usirekebishe chochote. Programu iko sawa."

Tulicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ua kuuliza kama kuna posa. Msichana hakucheka. Alikuwa akimtazama jogoo, halafu mlango wa banda la kuku, halafu mimi, nami sikuwa na chochote mikononi.

"Cucu, huyu jogoo umemtoa wapi?"

"Bandani. Ningemtoa wapi? Kwa mfuko wa guka yako?"

"Ngai! Bandani!" Akashuka kwenye jiwe akakimbilia ndani, akatuacha na jogoo na bila kompaila.

Baadaye alitueleza kosa lake. Alikuwa ameufunga uhai wa jogoo kwenye uhai wa mnadi, wakati jogoo hakutoka kwa mnadi kamwe. Mnadi huelekeza kidole tu. Vitu ni vya banda. Kwa hiyo akaongeza alama ndogo sana, kama mkato ulioning'inia juu, pamoja na herufi moja, kuiambia kompaila kwamba kidole chochote atakachokitoa mnadi kitaishi kadiri banda litakavyoishi. Basi mnunuzi angeweza kukaa na jogoo wake, na mnadi akaendelea kuita. Kompaila ilisoma, ikakubali, bila hata kumpongeza.

"Kwa hivyo," nikasema, nikitaka kuelewa vizuri, "mimi nikianguka katikati ya mnada nikafa, jogoo anabaki?"

"Anabaki, guka."

"Na mnunuzi anaendelea kumshika?"

"Bila shida."

"Bila shida yoyote?"

"Programu haitajua hata."

Mke wangu akaniongezea chai. Jioni hiyo kwenye sala ya nyumbani nilimshukuru Mungu kwa kweli hiyo, kwa sababu ni kweli, na mzee wa kanisa anahitaji kuambiwa mara kwa mara kwamba banda si lake. Lakini nilimwomba pia kwamba, kama ni mapenzi yake, nisiwe mfano wa jambo hilo Jumapili ile.

Jumapili ya mavuno ikafika. Tuliamua mnada ufanyike ndani ya ukumbi kwa ajili ya projekta, ila mbuzi aliambiwa abaki mlangoni kwa agizo la kamati ya usafi. Mwalimu alifika mapema, kijana mrefu mwenye miwani, mpole, mtu wa Kakamega aliyekuja Juja kufundisha. Mke wangu, ndani ya nguo yake ya mahafali ambayo alisema anaizoesha mwili, akamketisha safu ya mbele na kumpa andazi kubwa kiasi kwamba asingeweza kuuliza swali gumu kwa muda.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Neno "Kabichi" likatokea ukutani kwa herufi kubwa, watu wakashangilia kama hawajawahi kuona kabichi. Nikaisifu. Ikanunuliwa. Mjukuu wangu akagusa kitufe, mnunuzi akaandikwa, nami nikasema, "Kinachofuata!" na boga likatokea. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nilianza kuona mahafali kwa macho ya imani.

Kisha yakaja mayai. Yalinunuliwa na kiongozi wa kwaya, mama mwenye sauti ambayo haihitaji maikrofoni. Akasimama, akainua mkono, na kusema, "Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Nayarudisha!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi, na mimi nikageuka kuutazama ukuta.

Nieleze hapa, kwa faida ya wasiolijua kanisa letu. Kwetu mtu hununua kitu mnadani, halafu akikirudisha kinanadiwa tena, na atakayekinunua naye hukirudisha, hata trei moja ya mayai inanunuliwa na nusu ya ukumbi na inaishia kwa mke wa mchungaji. Ndiyo raha yenyewe ya mnada. Na hakuna kati yetu, si mimi wala msichana aliyekulia kwenye mabenchi yale, aliyekumbuka kuitia desturi hiyo kwenye programu. Tumeizoea mno. Hakuna mtu anayeiona pua yake mwenyewe ingawa iko mbele ya macho siku zote.

Ukutani paliandikwa: "Nduma."

"Mayai!" watu wakaita. "Mayai yamerudi, mzee!"

"Kompyuta inasema nduma," nikajibu.

"Kompyuta ni mshirika wa kanisa gani?" akauliza mtu kutoka nyuma.

Mwalimu alikuwa ameacha kutafuna. Nikainama kwa mjukuu wangu aliyeketi kwenye meza ndogo karibu nami. Uso wake ulikuwa umepoteza damu.

"Wape wimbo, guka," akanong'ona. "Hapana. Wape mbili."

Nikaanzisha wimbo. Yeye akaisimamisha programu na kuanza kuandika, akasahau kwamba projekta ilikuwa ikiwaka. Kanisa zima, likiimba, likatazama herufi zikipanda ukutani. Alijaribu njia ya kwanza inayomjia mtu yeyote: mayai yakirudi, yaingizwe tena kwenye orodha ile ile inayopitiwa. Kompaila ikakataa. Ilikataa kwa maandishi mekundu, kwa Kiingereza, na mishale, juu ya ukuta mweupe wa nyumba ya Mungu.

Wimbo ukafifia. Mchungaji akavaa miwani.

"Mzee, hilo ni andiko?"

"Hapana, mchungaji. Ni kompaila."

"Inasema nini?"

Nikasoma kadiri nilivyoweza. "Inasema hatuwezi kuibadilisha orodha kwa sababu bado imeazimwa."

"Amina!" akasema bibi mmoja mzee wa safu ya tatu, ambaye huitikia kila sentensi yenye mwisho mzuri.

Nikatazama safu ya mbele. Mwalimu alikuwa ametoa kalamu. Nikajua kwamba akiandika neno moja baya pale, msichana amepoteza mwaka. Nikaita wimbo wa pili, na niliuita kwa kasi ambayo kwaya hawajanisamehe.

Msichana aliacha kuandika. Alishusha mikono akatazama, si ukuta, bali watu. Akawatazama wahudumu wawili waliosimama katikati ya ukumbi na trei ya mayai, hawajui wayarudishe bandani au wayalete mbele, huku mhudumu wa tatu akija na nduma akagongana nao. Akaichukua maikrofoni mkononi mwangu. Hakuwa amewahi kufanya hivyo.

"Wazazi, samahani. Mayai yasirudi kwa mstari. Guka anatembea kwa huo mstari. Mkiingiza kitu katikati akiwa bado anatembea, atapotea, hatajua alikuwa wapi."

"Hilo ni kweli," akasema mke wangu kwa sauti. "Hupotea."

"Kitu kikirudi, kiwekwe kwa ile meza ya akina mama, pale kando. Tukimaliza mstari wote, tunaanza mstari mpya wa vitu vya hiyo meza."

Mzee mwenzangu, mtu wa kanuni, akasimama. "Na vikirudishwa tena?"

"Meza nyingine, guka."

"Na tena?"

"Tunarudi kwa meza ya kwanza, itakuwa iko tupu."

"Tutalala hapa?"

"Hiyo itategemea mfuko wako, guka."

Kicheko kilichofuata kilimketisha. Msichana akarudi kwenye kompyuta, akaandika mistari michache, na safari hii kanisa zima likanyamaza kabisa kuona kompaila itasemaje. Sijawahi kuona utulivu kama huo hata wakati wa mahubiri, Mungu anisamehe kwa kulisema. Maandishi yakasimama, kisha likatokea neno moja la kijani.

Walishangilia kama mtu ameokoka. Mwalimu akaandika kitu, lakini sikuona ni nini.

Baadaye alinieleza kwamba ni ile alama ndogo ya uani kwetu iliyomwokoa. Kwa kuwa vidole viliazimwa kutoka bandani na si kutoka kwa mnadi, viliweza kuwekwa kwenye meza ya pili na ya tatu bila kunigusa mimi. Kila mzunguko ulipata mnadi mpya, na mnadi aliyemaliza alijiondokea kimya. Niliuliza kama ni lazima kila mara awe mpya. Akasema ndiyo, guka, kazi yake ikiisha anatupwa. Nilimshukuru kwa maelezo.

Basi tukanadi. Mistari ikawa mirefu, kisha mifupi. Mayai yalirudi, nduma ikarudi, boga likanunuliwa na mchungaji mwenyewe likarudi likiwa na heshima zaidi. Watu waliipenda meza ile. Walipeleka vitu wenyewe kwa maringo, wakizunguka njia ndefu ili waonekane. Aliyerudishwa kuliko wote alikuwa jogoo wetu mwekundu. Kila mzunguko alipita mikononi, akapiga kelele, akarudi mezani akazidi kuudhika. Mwishowe vitu vingine vyote vikaishia kwa wenyewe, ukutani likabaki neno moja, "Jogoo," na mimi nikaanza kumsifu upya kwa sauti iliyokwisha.

"Mimi," ikasema sauti safu ya mbele.

Alikuwa mwalimu. Watu wakageuka. Mtu akampandishia bei, naye akapanda. Akapandishiwa tena, akaisukuma miwani puani, akapanda. Nikagonga meza: jogoo ni wa mwalimu. Makofi yakaanza, yale makofi ya kumngoja aseme lile neno.

Mwalimu akaja mbele, akampokea jogoo, akamweka kwapani.

"Mwalimu," nikamkumbusha kwa upole, "unaweza kumrudisha."

"Mzee," akasema, "mimi ni mtu wa Kakamega. Kwetu kuku akishaingia mkononi hatoki."

Ukumbi ukaangua kicheko, naye akacheka, kisha akamgeukia mwanafunzi wake na sura ikabadilika. Mke wangu akashika mabega ya nguo yake, kila bega kwa mkono wake.

"Nilikuja na maswali mengi," akasema mwalimu. "Limebaki moja. Programu yako siku yote imekuwa na vidole tu. Imemwelekezea jogoo huyu vidole kila upande. Sasa mimi namchukua mwenyewe, naondoka naye. Vile vidole vinaonyesha nini?"

Msichana hakuitazama kompyuta.

"Hakuna kidole kilichobaki, mwalimu. Mstari umekwisha na meza zote ziko tupu. Vidole vyote vimeshashuka. Ndiyo maana kompaila inakubali jogoo atoke bandani."

"Na kama ningemchukua katikati ya mnada?"

"Ingekataa. Na haingengoja uondoke naye. Ingekataa programu nzima wakati wa kuiandika, kabla haijaendeshwa hata mara moja."

Mwalimu akafungua mdomo kujibu. Wakati huo huo jogoo, aliyevumilia kuazimwa tangu asubuhi, akapiga bawa moja kwenye miwani na la pili hewani, akawa chini. Akapita katikati ya kwaya, akapanda kinanda, akakanyaga noti kadhaa zilizo bora kuliko za mpiga kinanda wetu wa kawaida, akaruka kwenda mlangoni alipokuwa mbuzi. Wazee, mashemasi, mchungaji, na msomi wa chuo kikuu tukamfuata uwanjani. Nilisikia bibi wa safu ya tatu akisema "Amina" nyuma yetu.

Alikamatwa na mwalimu mwenyewe, chini ya tangi la maji, naye akatoka akitambaa kwa magoti, ana tope, anahema, miwani imepinda. Msichana alikuwa amesimama mbele yake, mikono kifuani. Sote tulisimama.

"Programu yako imepita," akasema mwalimu. "Jogoo ndiye mwenye makosa."

Sauti aliyoitoa mke wangu ilisikika, naamini, mpaka Juja. Akamkumbatia mjukuu wake, akamkumbatia mwalimu pamoja na jogoo na tope, na nguo ile ya rangi ya chungwa ikahitaji kufuliwa kabla ya siku yake. Nami nilisimama pembeni nikamwambia Mungu asante, mara moja tu, kwa sababu sauti ilikuwa imeniisha na alinisikia hivyo hivyo.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe afya na usingizi mzuri. Wanao na wajukuu wako wafaulu katika mambo usiyoyaelewa, nawe upewe kiti cha mbele siku yao. Mezani pako pasikose kitu, wala pasikose mtu wa kukuchekesha, na amani ya Bwana ikae nyumbani mwako.